Kuunguza osteoidi osteoma kwa elektrodi: kupanga njia, kufika katikati ya kiini, na mambo yanayoharibika

Osteoidi osteoma ni kivimbe cha mfupa kisicho saratani, lakini maumivu yake hayalingani kabisa na udogo wake. Kiini chenyewe kwa kawaida hakizidi sentimita 1.5, kinachoonekana kikubwa kwenye eksirei ni mfupa mgumu uliojijenga kukizunguka. Mgonjwa wake wa kawaida ni mtoto mkubwa au kijana, wa kiume mara nyingi zaidi, anayeamka usiku akilia paja au muundi, kisha akameza aspirini au ibuprofeni na kulala kama hakuna kilichotokea. Nafuu hiyo ina sababu: kiini hutengeneza prostaglandini, kemikali inayochochea maumivu, kwa wingi, na dawa hizo huzuia utengenezaji wake. Si wote wanaoipata, kwa hiyo kuikosa hakufuti ugonjwa.

Zamani kiini kilichimbwa kwa upasuaji. Kwa kuwa daktari hakioni ndani ya mfupa uliokaza, alilazimika kukata zaidi ya alichokuwa anakitafuta, na mgonjwa akabaki na magongo kwa wiki nyingi. Mwaka 1992 Daniel Rosenthal na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha njia nyingine: kupitisha elektrodi nyembamba, yaani sindano ya kupitishia umeme, kwa kuongozwa na picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande), kisha kukiunguza kiini kwa mawimbi ya redio hapohapo kilipo. Leo ndiyo tiba inayotangulia nyingine penye vifaa na mtu wa kuvitumia. Muhimbili, Dar es Salaam, radiolojia ya tiba, yaani kutibu kwa sindano zinazoongozwa na picha, inafundishwa, hivyo hili si jambo la kulisoma tu kama habari za ng'ambo.

Kuunguza kwenyewe huchukua dakika 6. Saa nzima inayotangulia ni ya kutafuta milimita, na wengi wa wanaoshindwa hushindwa humo, si kwenye moto. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni njia na vipimo. Umeandikiwa timu: daktari wa radiolojia, radiografa, mtaalamu wa usingizi na muuguzi. Ambaye hajawahi kufanya biopsi ya mfupa (kuchukua kipande kwa uchunguzi wa maabara) chini ya CT aanze na biopsi, mwenye uzoefu akiwa ubavuni pake.

Hakikisha kwanza kuwa ndicho chenyewe

Eksirei mara nyingi huonyesha ganda la mfupa lililonenepa tu, kiini kikiwa kimejificha humo ndani. MRI, picha ya sumaku, nayo hupotosha: maji huonekana yametapakaa kwenye uboho na misuli, msomaji akaandika usaha au saratani. Picha inayoamua ni CT ya vipande vya milimita 1 au vyembamba zaidi, ikitazamwa kwa dirisha la mfupa, yaani mwanga wa picha uliopangwa kuonyesha mfupa. Tafuta duara jeusi lenye kingo laini, mara nyingi likiwa na nukta nyeupe katikati, na mfupa mweupe uliokaza pembeni. Ukiona na vijifereji vyeusi, vyembamba kama nywele, vikipenya mfupa mgumu kuelekea kwenye duara, hizo ni njia za mishipa ya damu ya kiini, na uhakika wako unaongezeka.

Afrika Mashariki mshindani mkubwa ni maambukizi. Jipu la Brodie, yaani usaha sugu uliofungiwa ndani ya mfupa, linaweza kufanana na kiini kama pacha, ila kingo zake za ndani hukwaruzika, kipande cha mfupa uliokufa humo ndani huwa na pembe na hakikai katikati, na mfereji wa kutokea usaha ni mpana kuliko vile vijifereji. Mwenye selimundu ana sababu mbili zaidi za kuumwa mfupa: mfupa kufa kwa kukosa damu, na maambukizi ya mfupa, yakiwemo ya Salmonella. Kifua kikuu nacho kisisahaulike. Ufa wa mfupa uliochoshwa na mazoezi huonekana kama mstari, si duara. Chukua picha kamili ya damu, pamoja na ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyopanda penye maambukizi. Zikiwa juu, usiharakishe kuunguza, kwani moto hautibu jipu.

Kiini kinachozidi sentimita 2 kichukuliwe kuwa osteoblastoma, kivimbe cha jamii hiyohiyo kilicho kikubwa zaidi, hadi ithibitike vinginevyo. Hicho kinahitaji biopsi siku yake na mazungumzo na daktari wa mifupa kabla ya mtu yeyote kugusa elektrodi.

Chora njia mgonjwa akiwa bado nyumbani

Kaa na picha siku moja au mbili kabla. Njia nzuri ina sifa nne: ni fupi, inakutana na mfupa kwa pembe inayokaribia digrii 90, inapita mbali na neva na ateri, na inapita katikati ya kiini. Ni nadra kuzipata zote nne. Mgeni wa kazi hii huanza kwa kuipoteza pembe ili abaki na ufupi, na hapo ndipo anapokosea. Mfupa uliokaza ni kama marumaru: ncha ikifika imelala, huteleza pembeni na kuzama kwenye misuli, ukachoma mara nne pasipo kuingia. Kama lazima kitu kiachwe, acha ufupi.

Kiini kikiwa upande uliogusana na neva au ateri kubwa, usikifuate upande huo. Ingia upande wa pili wa mfupa, vuka uboho, ukifikie kwa nyuma. Njia inakuwa ndefu na kutoboa kunaongezeka, lakini ganda la mfupa la upande wa pili linakuwa ngao. Muundi ni hivyohivyo. Mbele ya goko hakuna nyama, ngozi imelalia mfupa, na elektrodi iliyoingia moja kwa moja kutoka mbele inaweza kuacha kidonda cha moto. Shingo ya mfupa wa paja mara nyingi hufikiwa kutoka nje, ubavuni mwa paja, ukifuata urefu wa shingo. Ukiingia kwa mbele, pima kwanza ateri ya paja iko wapi kwenye kipande hichohicho cha picha.

Kwa watoto angalia bamba la ukuaji, yaani gegedu ambako mfupa hurefukia. Njia isilivuke kama kuna njia nyingine. Kiini kikiwa karibu nalo, wazazi waelezwe mapema kwamba mfupa unaweza kudumaa au kupinda, na maelezo hayo yaandikwe kwenye fomu ya ridhaa.

Njia yote ikae ndani ya kipande kimoja cha CT, ili sindano ionekane kutoka ngozi hadi ncha kwenye picha moja. Kisha, badala ya kuinamisha sindano ifuate mguu, zungusha mguu ufuate sindano. Mkono wa binadamu unajua wima na unajua mlalo. Digrii 37 haujui. Ukiweza kulaza paja kwa mifuko ya mchanga mpaka njia iwe wima kabisa, nusu ya kazi imekwisha.

Vifaa, na jaribio la mezani

Utahitaji sindano ya biopsi ya mfupa ya geji (kipimo cha unene wa sindano) 11 hadi 14 yenye kanula, yaani mrija wa chuma wa kupitishia vifaa, keekee ya mkono au ya betri yenye kipenyo cha milimita 2 hivi, nyundo ndogo, na elektrodi ya mawimbi ya redio yenye ncha wazi, yaani isiyofunikwa kwa kizuia umeme, ya milimita 5, 7 au 10. Ongeza pedi za kurudishia umeme ambazo mtengenezaji wa mashine ameziagiza, sindano za uti wa mgongo za geji 22, dripu ya dekstrosi ya 5%, bupivakaini ya ganzi, na vichupa viwili vya sampuli: kimoja cha formalini ya 10%, kingine kisafi chenye maji ya chumvi kwa ajili ya kuotesha vijidudu. Mashine ichomekwe kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika dakika ya tatu, utaikuta elektrodi imo ndani, joto limeshuka, na hujui kiini kimepikwa kiasi gani.

Kabla mgonjwa hajalazwa, chukua kanula na elektrodi, uzipitishe moja ndani ya nyingine mezani. Je, inapita bila kukwama? Ikifika mwisho, inatokeza milimita ngapi? Kanula ya sentimita 10 iliyooanishwa na elektrodi ya sentimita 10 haifai kitu, maana ncha haitatoka nje. Jaribio hili ni la nusu dakika tu, na ni afadhali aibu ya mezani kuliko ya ndani ya mfupa.

Usingizi, mkao na pedi

Ganzi ya ngozini peke yake haitoshi. Kiini chenyewe kina neva, na ncha ikikigusa mgonjwa huruka. Watoto wapewe usingizi kamili. Mtu mzima mwenye kiini cha mguuni anaweza kufanyiwa kwa ganzi ya uti wa mgongo. Mwambie mtaalamu wa usingizi mapema: "Nikiingia kwenye kiini, mapigo ya moyo na pumzi vitapanda hata kama amelala fofofo." Asiyejua hilo atafikiri dawa imepungua. Ajuaye ataitumia ishara hiyo kukuthibitishia kuwa umefika. Kama neva iko karibu na unakusudia kuijaribu kwa umeme, dawa za kulegeza misuli zisitolewe, la sivyo mguu hautatikisika hata neva ikiguswa. Vituo vingi hutoa dozi moja ya antibiotiki, kama sefazolini, kabla ya kuanza.

Pedi za kurudishia umeme hubandikwa penye nyama nyingi, kwa kawaida paja, ngozi ikiwa kavu na iliyonyolewa. Upande mrefu wa pedi uelekee kwenye elektrodi. Ukitumia mbili, ziwe umbali sawa kutoka kwenye kiini, kwa sababu ya karibu zaidi ndiyo itakayobeba umeme mwingi na kuunguza ngozi. Nyonga ya bandia au bamba la chuma lisiwe katikati ya pedi na elektrodi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo apitie kwa daktari wa moyo kwanza. Bandika pedi baada ya kumgeuza mgonjwa, kwa sababu pedi iliyokunjamana wakati wa kugeuza ni chanzo cha kawaida cha mashine kukataa kuwaka.

Kaza mguu kwa plasta pana hadi kwenye meza. Mguu ukihama milimita 3 katikati ya kutoboa, ramani yako yote imekuwa ya uongo.

Kutoka ngozini hadi kwenye kiini

1. Bandika gridi ya metali juu ya ngozi. Isipokuwepo, vipande vya katheta kuukuu inayoonekana kwenye picha, vikipangwa sambamba kwenye plasta, vinafanya kazi ileile. Piga picha fupi: sentimita 5 juu ya kiini na 5 chini, si mguu mzima. Kwa mtoto shusha dozi ya mionzi. Mfupa na chuma vinaonekana vizuri hata picha ikiwa na chengachenga.

2. Chagua kipande, weka alama ya kalamu pale mstari wa leza unapokutana na gridi, kisha pima vitu vitatu kwenye skrini: ngozi hadi mfupa, ngozi hadi katikati ya kiini, na pembe. Viandike ubaoni kwa herufi kubwa ili timu nzima ivione. Safisha, funika, toa ganzi ya ngozi hadi kwenye utando wa mfupa, na uiache sindano hiyo nyembamba mahali pake. Piga vipande 3 hadi 5 tu. Sindano ya ganzi ndiyo mpelelezi wako: ikiwa imepotoka, kanula nayo itapotoka.

3. Chana ngozi milimita 4 hivi, ingiza kanula hadi iguse mfupa, piga picha tena. Usianze kutoboa kwa matumaini. Gonga kwa nyundo mara mbili tatu, polepole, ili ncha ijichimbie kitanda isiteleze.

4. Toboa. Kila milimita 5 vuta keekee nje, futa unga wa mfupa na upige picha. Unga ukiziba, keekee hupata moto na kukwama. Usiikaze pembeni kurekebisha uelekeo, kwani keekee ya milimita 2 huvunjika kwa kupindwa, na kipande kilichovunjikia kwenye ganda gumu huziba njia uliyohangaikia. Kama uelekeo umekosea, rudi nje uanze tundu jipya pembeni. Weka alama ya plasta safi kwenye keekee kwa kina cha mwisho, maana ikishatoka kwenye mfupa mgumu huzama ghafla. Mzamo huo mara nyingi ndiyo hisia ya kuingia kwenye kiini, na mkono ukishaujua hausahau.

5. Chukua sampuli kwa sindano ya biopsi kupitia kanula kabla ya kuunguza, si baada. Kama kuna shaka yoyote ya maambukizi, kipande cha kwanza kiende kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya kuoteshwa, cha pili kwenye formalini. Formalini huua vijidudu na jibu la maabara litakuwa "hakuna kilichoota". Usaha ukitoka, simama. Chukua sampuli, maliza, usiunguze. Tahadhari kwamba kiini kidogo mara nyingi hutoa sampuli isiyosomeka, na jibu la namna hiyo peke yake halibatilishi picha zilizo wazi.

Hesabu ya milimita, kwa mfano mmoja

Tuchukue kiini cha milimita 7 ndani ya ganda lililonenepa la mfupa wa paja. Kwenye picha, ngozi hadi mfupa ni milimita 42, na ngozi hadi katikati ya kiini ni 51. Kiini basi kinaanzia 47.5 na kuishia 54.5.

Tunatumia elektrodi ya ncha wazi ya milimita 10. Kosa la kawaida ni kuisimamisha ncha katikati ya kiini, yaani 51. Ukifanya hivyo, sehemu wazi inaanzia 41, imetoka nje ya mfupa, inapika misuli, na nusu ya mbali ya kiini haipati moto wa kutosha. Linalotakiwa kukaa katikati ya kiini ni katikati ya sehemu wazi. Ncha basi iende 56, sehemu wazi iwe kati ya 46 na 56, yote ndani ya mfupa, ikikizidi kiini milimita 1.5 kila upande.

Sasa kanula. Ni chuma, na chuma kikigusa au kukaribia sehemu wazi, umeme hupanda nao hadi kwenye misuli na ngozi. Irudishe nyuma angalau milimita 10 kutoka mahali sehemu wazi inapoanzia: 46 toa 10 ni 36. Mwisho wa kanula ukae 36, yaani nje ya mfupa kabisa. Piga picha uone kwa macho kwamba kuna nafasi nyeusi kati ya kanula na sehemu inayong'aa ya elektrodi. Panua dirisha la picha, maana kwenye dirisha jembamba mng'ao wa chuma hujaza nafasi na utadhani vimegusana, au vibaya zaidi, utadhani havijagusana.

Kuhusu upana, kanuni ya kushika ni hii: hakuna sehemu ya kiini iwe mbali na elektrodi kwa zaidi ya milimita 5. Kiini kipana kuliko milimita 10, au elektrodi iliyopita pembeni, kinadai uunguze mara ya pili kutoka mahali pengine, kwa tundu lingine. Usijidanganye kwamba kuongeza dakika kutaongeza upana. Baada ya muda joto linaloingia na linalotoka hulingana, na duara lililoungua halipanuki tena.

Moto

Weka lengo la nyuzi 90. Acha mashine ipande taratibu kwa dakika moja au mbili, na anza kuhesabu ikifika 90, si ulipobonyeza swichi. Hesabu dakika 6. Wapo wanaotumia 4 au 5 kwa kiini kidogo, nao hupata matokeo mazuri. Penye nafasi, sita ni za kukaa salama.

Kwa nini 90? Seli za nyuzi 50 hufa kwa dakika kadhaa. Zikipita 60 hufa papo hapo. Ukipita 100, maji huchemka, nyama iliyoigusa ncha hugeuka mkaa, na mkaa haupitishi umeme. Duara lililoungua linakuwa dogo kuliko ungeenda polepole.

Kama elektrodi yako ni ile ya kupozwa kwa maji, zima pampu. Maji yakizunguka, kipimajoto kinasoma joto la ncha iliyopozwa na ile 90 haina maana tena.

Wenye mashine ya mikrowevu hawahitaji pedi, na mawimbi yake hayasumbuliwi na mfupa mkavu uliokaza. Ila hukimbia haraka na duara lake ni kubwa, hivyo karibu na neva linahitaji mkono uliozoea. Kugandisha kwa gesi ya argoni ndiko kunakoumiza kidogo kuliko njia nyingine zote, lakini ukingo wa barafu una nyuzi 0 tu, na nyuzi 0 haziui. Barafu lazima ikipite kiini milimita kadhaa kila upande.

Mashine ikigoma

Ukinzani, yaani umeme kuzuiliwa kupita, ukiwa juu tangu mwanzo, angalia pedi na nyaya kwanza, kisha fikiria mfupa uliokaza au hewa ndani ya tundu. Matone machache ya maji ya chumvi kwenye tundu hushusha ukinzani. Matone, si mililita, kwa kuwa maji ya chumvi yakimwagika nje hubeba umeme usikotaka. Ukinzani uliokuwa sawa ukaruka ghafla ni mkaa: zima, toa elektrodi, ifute, irudishe, uanze kwa nguvu ndogo.

Joto likikwama kwenye 60 au 70 ilhali nguvu inapanda, ama kuna mshipa mkubwa unaochukua joto, ama sehemu wazi imetoka nje ya mfupa, ama imegusa kanula. Usiongeze nguvu. Piga picha. Hilo la tatu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu moto unaoukosa kwenye kiini uko kwenye ngozi.

Penye neva, ngozi, gegedu na uti wa mgongo

Sentimita 1 kati ya kiini na neva ndiyo mpaka wa kufanya kazi bila wasiwasi. Pungufu ya hapo, tengeneza umbali. Ingiza sindano ya geji 22 kati ya mfupa na neva, sukuma dekstrosi ya 5% ukitazama kwenye picha neva ikisogea. Isiwe maji ya chumvi: hayo hupitisha umeme na yangekuwa daraja, si ukuta. Dekstrosi hunywewa na mwili, kwa hiyo angalia tena kila dakika mbili na uongeze. Hewa ya kaboni dioksidi nayo huzuia joto vizuri. Weka kipimajoto chembamba kando ya neva. Kikifika nyuzi 45, zima. Mashine zenye jaribio la neva hutumia hezi 2, na mguu ukitikisika, elektrodi haikai hapo.

Kwenye goko, inua ngozi kwa dekstrosi hadi ivimbe kama lengelenge, na shika ngozi kwa kidole muda wote wa moto. Kidole chenye glavu hutambua joto kabla ya ngozi kubadilika rangi. Karibu na kiungo, gegedu haioti tena. Hapo ncha ya milimita 5 inatosha, na maji ya kupozea ndani ya kiungo yawe dekstrosi.

Uti wa mgongo unawezekana, na ganda zima la mfupa pamoja na maji ya uti husaidia kuzuia joto. Ganda likiwa limetoboka upande wa mfereji, bila kipimajoto na bila ufuatiliaji wa neva, mpeleke mgonjwa kwa wenye navyo.

Kumaliza na kumrudisha nyumbani

Zima, subiri joto lishuke, toa elektrodi. Kabla ya kutoa kanula, weka bupivakaini kwenye utando wa mfupa, isizidi miligramu 2 kwa kilo ya uzito. Funga kidonda kwa plasta. Mshono mara nyingi hauhitajiki. Angalia ngozi ya mlango wa kanula na ngozi chini ya pedi zote, uandike ulichokiona hata kama ni salama.

Wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, wakitembea. Usiku wa kwanza unaweza kuuma, na mzazi ataogopa. Mweleze mapema kwamba maumivu ya tundu ni ya kuguswa na ya mchana, tofauti na yale ya zamani ya usiku, ambayo hupotea ndani ya siku 1 hadi 3. Parasetamoli na diklofenaki za siku chache zinatosha. Baada ya hapo aache dawa kabisa, kwa kuwa anayeendelea kumeza ibuprofeni hawezi kukuambia kama amepona.

Mfupa unaobeba uzito, paja au muundi, umetobolewa na kupikwa. Shule na kutembea ruksa, ila asikimbie, asiruke wala asicheze mpira kwa miezi 3. Kijana wa miaka 15 aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya mwaka atakuahidi chochote na kuwa uwanjani Jumamosi. Mwambie yeye na mwambie kocha wake.

Maumivu ya usiku yakirudi

Zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 hupona kwa mara moja. Waliobaki hujitokeza kwa sura mbili. Wa kwanza hakupata nafuu hata wiki mbili: moto haukukifikia kiini, na picha za siku ile zikirudiwa kutazamwa kwa utulivu, mara nyingi elektrodi inaonekana imepita pembeni. Wa pili alipona, kisha maumivu yakarudi baada ya miezi: sehemu ya kiini ilibaki hai.

Picha ya CT ya ufuatiliaji usiisome kwa pupa. Duara jeusi linaweza kubaki kwa muda mrefu kwa mtu aliyepona kabisa, na kuunguza picha isiyouma ni kosa. Kinachoamua ni usiku wa mgonjwa. Anayeumwa tena, mpige CT ya vipande vyembamba, tafuta sehemu ya kiini ambayo tundu la zamani halikuipitia, na urudie kuunguza. Usitumie tundu lile kwa sababu tu ni rahisi. Litakupeleka palepale ulipokosea. Toboa jipya, lenga upande uliobaki, chukua biopsi tena. Maumivu yakirudi mara ya pili baada ya elektrodi kukaa mahali pake bila ubishi, rudi kwenye sampuli na vipimo vya damu, umwite na daktari wa mifupa mtazame picha zile za mwanzo pamoja.